Ubao wa injini ukioza kwenye boti ya faiba: utoe wote, usiufunike



Najua kuna watakaosema bwana shamba na boti wapi na wapi. Lakini ninyi mnaolima ng'ambo ya Mto Ruvu mnanielewa. Kwenu boti ni chombo cha shamba, kama pampu au toyo. Mbolea inavuka kwa boti, bamia na nyanya zinavuka kwa boti, na wewe mwenyewe unavuka nayo. Mto wetu unatoka milima ya Uluguru, na masika ukijaa hauna utani. Mamba wamo, viboko wamo. Injini ikichomoka katikati ya maji hayo, usihesabu bei ya injini tu. Hesabu na watu waliokaa ndani.

Kwa mwaka huu nimeangalia boti tatu za faiba za zamani, mbili Kibaha na moja Kisarawe. Zote zilinunuliwa mkono wa pili kutoka pwani, na zote kwa nje zinang'aa. Mbili kati ya hizo zimeoza nyuma, pale injini inapofungwa. Kwa hiyo leo tuongee kuhusu huo ubao: kwa nini unaoza, unaujuaje kabla hujatoa hela, na unabadilishwaje.

Ubao wenyewe uko wapi?

Watu wengi wanadhani boti ya faiba ni faiba tupu. Siyo. Ukuta wa nyuma, yaani wa tezi, umetengenezwa kama sandwichi. Nje kuna ngozi ya faiba, ndani kuna ngozi nyingine ya faiba, na katikati kuna mbao, mara nyingi plaiwudi, yenye unene wa inchi 1.5 hadi 2. Hiyo plaiwudi ndiyo inayobeba kazi. Injini inaning'inia pale, inasukuma boti mbele, inatikisika, na boti ikipiga wimbi au kisiki, uzito wote unakwenda kwenye ubao huo.

Mbao ikioza katikati, zinabaki ngozi mbili nyembamba za faiba zilizoshikilia hewa na uji wa mbao. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana wauzaji wanapiga rangi mpya na wewe unafurahi.

Kwa nini unaoza?

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao, na mbao haiozi mpaka maji yaingie. Fangasi wanaokula mbao wanahitaji vitu vitatu: unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ndani ya mbao, hewa na joto. Joto la Pwani lipo mwaka mzima na hewa ipo. Kilichobaki mikononi mwako ni maji tu.

Maji yanaingia kwa njia hizi:

1. Matundu ya bolti za injini ambayo hayakuzibwa vizuri.
2. Tundu la kizibo cha kutolea maji chini ya boti. Hili ndilo baya zaidi kwa sababu liko chini, ambako maji yanakaa.
3. Vitundu vya skrubu ndogo za ngazi, ndoano au mabano, ambavyo mtu alitoboa akaviacha.
4. Juu ya ubao, pale injini inapokaa, faiba ikipasuka kwa kusagwa na vibano.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kwa kuozesha mbao, maji baridi ni mabaya kuliko maji chumvi. Chumvi inawasumbua fangasi, maji ya mvua hayawasumbui. Boti iliyofanya kazi miaka mingi baharini ikiwa nzima inaweza kuoza haraka ikiletwa bara na kuegeshwa chini ya mwembe, pua imeinama, kizibo hakijafunguliwa, imejaa maji ya mvua na majani. Ile ya Kisarawe niliyoitaja ilikaa hivyo masika mbili. Ilikuwa imegeuka kuwa karo.

Pima kabla ya kununua

Usinunue boti kwa rangi. Nenda na nyundo ndogo, bisibisi na tochi, ufanye haya:

- Gonga. Tumia mpini wa nyundo, gonga ubao wa nyuma kila baada ya inchi mbili, juu hadi chini. Mbao nzima inatoa mlio mkali, mfupi. Iliyooza inatoa mlio mzito, kama unagonga papai. Sikiliza hasa chini, karibu na kizibo.
- Sukuma injini. Injini ikiwa imefungwa, shika sehemu yake ya chini, ivute na kuisukuma taratibu huku mwenzako akiangalia ubao. Ubao ukipumua, yaani ukiingia na kutoka, hapo hakuna mbao.
- Angalia pembe. Nyufa kwenye pembe ambapo ubao unakutana na ubavu wa boti ni dalili kwamba ukuta unacheza.
- Fungua bolti moja ya chini. Yakitiririka maji ya kahawia yenye harufu ya uozo, umeshapata jibu.
- Toboa. Hii ni kwa idhini ya mwenye boti. Kwa upande wa ndani, toboa vitundu vitatu vya milimita 5, ukiishia kwenye mbao bila kutokea nje. Unga wa mbao ukitoka mkavu na mweupe, vizuri. Ukitoka mweusi na umelowa, imeoza. Vitundu hivyo vizibwe siku hiyohiyo.

Ukikuta imeoza haina maana usinunue. Ina maana bei ishuke, na ujue kazi inayokusubiri. Lakini ukikanyaga sakafu ikabonyea, na mihimili ya chini ya sakafu nayo imeoza, hapo achana nayo. Utakuwa unanunua gamba tu.

Kwa nini kubandika bati hakusaidii

Kikundi kimoja cha vijana sita upande wa Kibaha walinunua boti ya futi 18 kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao vijana wanapata asilimia 4. Baada ya miezi michache injini ikaanza kuinama nyuma. Wakaita fundi. Nilikuwepo.

"Bwana shamba, hii bado ngumu," fundi akaniambia. "Tunapiga bati la chuma nje na ndani, tunakaza bolti nne, kesho wanavuka."

Nikamwuliza, "Fundi, hizo bolti zitakaza nini katikati?"

"Si ubao, bwana shamba."

"Upo?"

Akatoboa. Kilichotoka kilikuwa kama ugoro uliolowa. Akacheka mwenyewe.

Hesabu iko hivi. Bati linasambaza uzito, lakini haliwezi kurudisha mbao iliyokwisha. Ukikaza bolti juu ya mbao laini, unaikamua kama sponji, ngozi za faiba zinaingia ndani na kupasuka. Tena umeongeza matundu manne mapya ya kuingizia maji. Wiki ya kwanza itaonekana imepona. Siku umebeba magunia kumi na maji yamejaa, ndiyo siku itakayokuambia ukweli.

Vijana walikuwa na wasiwasi wa haki kabisa. Bamia zilikuwa zinavunwa kila baada ya siku mbili, na rejesho la mkopo halisubiri. Mwisho wakakubaliana kukodi mtumbwi kwa muda, faida ipungue, boti ifanyiwe kazi ya kweli. Kazi ilichukua siku 11, na siku nne kati ya hizo zilikuwa za kukausha tu.

Vifaa, na hesabu yake

Tuchukue ubao wa upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 55. Hiyo ni kama mita ya mraba 0.8.

*Plaiwudi.* Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 inatoa vipande viwili, na vinabaki vipande vya kutengeneza mihimili ya pembeni. Vipande viwili vikibandikwa pamoja ni milimita 36, ukiongeza faiba unafika inchi moja na nusu na ushee. Lakini pima unene wa zamani kwanza, urudishe uleule, kwa sababu vibano vya injini vina kikomo.

Hapa kuna mtego. Ukienda dukani ukasema marine bodi, utapewa ile plaiwudi nyeusi inayong'aa ya kumwagia zege. Ule weusi ni utando uliotengenezwa ili zege *isishike*. Resini nayo haitashika. Tafuta plaiwudi isiyo na utando, ya gundi inayostahimili maji, isiyo na mapengo katikati. Kata kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa. Kikiachana, sio chenyewe. Ukikosa kabisa ukalazimika kutumia ile nyeusi, huo utando wote uondolewe kwa msasa wa grenda mpaka mbao ionekane, pande zote.

Na mbao ya mninga au mtiki je? Ni mbao nzuri, lakini ubao mpana wa kipande kimoja unavimba na kusinyaa, faiba haiendi nao. Mtiki una mafuta, gundi inashika kwa shida. Plaiwudi imetulia zaidi.

*Resini.* Ya poliesta ndiyo inayopatikana kirahisi Dar na ndiyo nafuu. Epoksi ni ghali lakini inashika mbao vizuri zaidi. Kumbuka sheria hii: epoksi inashika juu ya poliesta iliyokauka, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukianza na epoksi, malizia na epoksi. Na kwa epoksi tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa, sio ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kwa sababu gundi ya mkeka mwingi inayeyushwa na poliesta, siyo epoksi.

*Kiasi.* Kwa poliesta na mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba: ngozi ya ndani pamoja na mashavu ya pembeni ni kama mita 1.5 za mraba, mara tabaka nne, ni mita 6. Ongeza tabaka mbili za kubandikia mbao, mita 1.6. Jumla mita 7.6, nunua 9. Mkeka unakunywa resini kama mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo ni kama kilo 9. Ongeza kilo 3 za kunyweshea mbao na kutengeneza uji wa kujazia. Nunua kilo 12.

Mengine: hadina ya kugandishia, asetoni ya kusafishia, bolti za chuma kisichoshika kutu na washa pana, mastiki ya boti ya kuzibia, brashi za bei rahisi, grenda, patasi, klampu, miwani, glavu na barakoa nzuri ya vumbi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wakati. Juni hadi Septemba ndiyo nafuu kwetu, mvua ni chache. Fanya kazi kwenye kivuli chenye hewa, usipange kazi hii masika.

2. Shika umbo la boti. Toa injini. Weka boti kwenye magogo yaliyosawazishwa, usaidie chini ya tezi na mbavuni. Ukishakata ngozi ya ndani boti inaweza kutanuka, na ukifunga ubao mpya ikiwa imepinda itabaki imepinda. Funga mbao ya kushikilia upana kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

3. Pima na uandike. Kimo cha ubao katikati, unene, mlalo wake, na mahali pa matundu ya injini. Injini fupi inataka ubao wa kama inchi 15, ndefu inataka inchi 20. Ukikosea kimo, panga ya injini itavuta hewa au itakwaruza chini.

4. Fungua kwa ndani. Toa kifuniko cha juu. Kata ngozi ya ndani kwa grenda, ukiacha ukingo wa inchi mbili au tatu kuzunguka. Ngozi ya nje usiiguse, hiyo ndiyo kalibu yako.

5. Toa mbao yote. Chimba kwa patasi mpaka kwenye faiba. Usiseme kipande hiki cha pembeni bado kigumu, tukiache. Kikiwa na unyevu kitaambukiza mpya. Wale vijana nusu ya mbao waliitoa kwa mikono, nusu nyingine iligoma siku nzima. Yote ilitoka.

6. Kwaruza na kausha. Saga faiba ya ndani mpaka ionekane safi, isiyong'aa. Hapa barakoa na mikono mirefu ni lazima, vumbi la faiba linawasha na linaumiza mapafu. Kisha acha ikauke siku mbili au tatu, usiku ukifunika.

7. Tengeneza kielelezo. Chukua boksi gumu, likate mpaka likae vizuri kwenye nafasi. Hilo ndilo la kuchorea plaiwudi. Jaribu mbao kavu kwanza kabla ya gundi.

8. Nywesha mbao. Paka resini pande zote za plaiwudi, na kingo mara mbili au tatu, kwa sababu kingo ndizo zinazonywa maji. Kabla ya kubandika, ukwaruze kwa msasa.

9. Bandika. Weka mkeka uliolowa resini kwenye ngozi ya nje, na uji mzito wa resini mahali penye mashimo. Weka ubao wa kwanza, mkeka mwingine, kisha wa pili. Kaza kwa klampu, na kwa bolti kupitia matundu ya zamani ya injini. Uji ukitoka kingoni pande zote, ujue hakuna pengo. Usikaze mpaka gundi yote itoke.

10. Jaza pembe na funga. Pembe kali inapasua faiba. Jaza pembe kwa uji wa resini, uilainishe kwa kijiko iwe duara. Halafu weka tabaka za faiba kutoka kwenye ubao kwenda mbavuni na chini ya boti: ya kwanza inchi 4, ya pili 6, ya tatu 8. Malizia kwa tabaka zinazofunika ubao wote na juu yake.

Tahadhari ya resini

Kwa poliesta, hadina ni asilimia 1 hadi 2, yaani kama mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa joto letu anza na 10. Changanya nusu kilo tu kwa wakati mmoja, anza saa moja asubuhi, usisubiri jua la saa saba. Ukizidisha, kopo linachemka na kutoa moshi mkononi mwako.

Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofua, kwa hiyo miwani sio pambo. Ikikupata, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi na uende hospitali. Na kama umeuziwa kichapuzi cha kobalti kando, usikichanganye na hadina moja kwa moja hata tone, vinalipuka. Kichapuzi kinatangulia kwenye resini, kinakorogwa kabisa, ndipo hadina inafuata. Asetoni inashika moto haraka. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu.

Matundu ndiyo yatakayokulinda

Sasa sikiliza vizuri. Hata ukitumia plaiwudi bora Tanzania nzima, ukitoboa tundu na kuingiza bolti kavu, baada ya masika kadhaa utarudi palepale. Fanya hivi kwa kila tundu:

Toboa tundu kubwa kuliko bolti, kwa mfano milimita 18 kwa bolti ya 12. Ziba upande mmoja kwa gundi ya karatasi, jaza epoksi iliyokorogwa na nyuzi au unga wa kujazia. Ikikauka, toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, haigusi mbao. Paka mastiki ya boti kwenye bolti na chini ya washa, kisha kaza. Silikoni ya chooni haifai hapa.

Tundu la kizibo lifanye hivyohivyo. Skrubu ndogo za vifaa vingine, zikwepe chini ya mstari wa maji kabisa. Usipoziba tundu la bolti, utajenga tezi nzima.

Kabla hujapakia mzigo

Acha resini ikomae wiki moja. Kisha jaribu boti karibu na ukingo, bila mzigo, mwendo mdogo, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea. Angalia pembe. Baada ya saa chache za kazi kaza bolti upya, na gonga tena kwa mpini ule wa nyundo ili ujue mlio wa ubao mzima unavyokuwa. Kama chombo chako kinabeba watu, fuata ukaguzi na usajili wa TASAC, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini huku Bara. Na ukitaka fundi aliyezoea kazi za boti, ulizia kwa wavuvi wa Bagamoyo au chuo cha uvuvi cha Mbegani, usichukue fundi wa bampa za magari kwa sababu tu anajua faiba.

Kila ukimaliza kazi: pandisha boti, inua pua, fungua kizibo, funika. Dakika tano tu.

Wale vijana sasa wanavusha bamia kwa boti yao. Kwenye daftari la kikundi wameongeza ukurasa wa boti, na kila Jumamosi mmoja anagonga ubao na kuandika tarehe. Ninawashauri na ninyi mfanye hivyo. Pampu mnaiandikia huduma, boti nayo ina haki hiyo.

Mwenye boti Kibaha au Kisarawe anayetaka tukaigonge pamoja, aje ofisini siku za kazi asubuhi. Nyundo ninayo.